Jumamosi Moja Ras al Khor



Wengi wetu tunaoishi Dubai twaijua Ras al Khor kwa msongamano wa magari tu. Jumamosi moja ya Januari, familia nne tulishuka hapo pamoja na watoto, chupa ya chai na darubini moja ya kuazima, ili tuwatazame ndege.

Jina lenyewe halihitaji mkalimani. Ras ni kichwa, na khor ndiyo hori yetu. Hapo hori ya Dubai huishia bara na kuwa vidimbwi, matope ya chumvi na mikoko. Hifadhi hii ina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 6, nayo iliingia katika orodha ya Mkataba wa Ramsar wa ardhi oevu mwaka 2007.

Tuliingia katika kibanda cha kuchungulia, tukanyamaza. Mbele yetu walisimama heroe kwa mamia, vichwa wameviinamisha majini wakichuja chakula, na nyuma yao Burj Khalifa. Rangi yao ya waridi hawazaliwi nayo, bali yatokana na mwani na vijidudu vya majini wanavyokula. Wengi hufika majira ya baridi, baadhi yao kutoka Iran.

Mzee mmoja kati yetu hakuwatazama heroe; aliitazama miti.

"Ule ni mchu," alisema. "Oneni mizizi yake, imesimama matopeni kama vidole."

Ujanani mwake alikuwa baharia wa jahazi lililochukua boriti za mikoko kutoka Lamu hadi Ghuba, biashara ambayo Kenya iliipiga marufuku mwaka 1982. Aliwaeleza watoto kwamba nyumba za kale za mtaa wa Al Fahidi, hapa hapa Dubai, ziliezekwa kwa boriti za pwani yetu, na upana wa chumba ulifuata urefu wa boriti.

"Mkiingia nyumba zile inueni vichwa," alisema. "Mtaiona Lamu darini."

Alikuwapo binti wa miaka 11, mzaliwa wa hapa, ambaye wazazi wake wanarejea Mombasa mwezi wa Juni, mkataba wa baba ukiwa umekwisha. Tangu asubuhi hakuwa amesema neno. Sasa aliuliza:

"Babu, ndege hawa kwao ni wapi? Wanakozaliwa, au wanakokwenda?"

Mzee alifikiri kidogo.

"Yuko ndege mmoja mla kaa, mweupe, mgongo mweusi, mdomo mnene. Hutaga katika visiwa vya mchanga vya Ghuba hii, ndani ya shimo alilolichimba mwenyewe. Msimu ukiisha, baadhi huvuka bahari hadi kwetu. Nimewaona Mida, karibu na Watamu, makundi kwa makundi."

"Na watoto wao?"

"Huenda nao. Kinda hufika kule bado anaomba chakula, na mzazi bado humlisha."

"Kwa hiyo haendi peke yake."

"Haendi peke yake, mjukuu wangu."

Binti aliichukua darubini, akatazama muda mrefu. Mama yake aligeuka upande wa pili, nasi tukajifanya tunamimina chai.

Wanaotaka kwenda wachague miezi ya Novemba hadi Machi, asubuhi au alasiri, na waulize kwanza Manispaa ya Dubai saa za kufunguliwa. Watoto wafundishwe kunyamaza, na ndege wasirushiwe mkate. Suratul-Mulk yatuita tuwaangalie ndege walio juu yetu; hatuna budi kuitikia, japo mara moja kwa mwaka.

Familia inayotuaga twaiombea safari ya salama na riziki ya halali huko iendako. Amin.