Hekalu Lenye Jina la Fundi

Mtu akiondoka mjini Hyderabad, katika Bara Hindi, na kushika njia ya kaskazini-mashariki, atasafiri kilometa 200 hivi hata afike Palampet. Njiani ataupita mji wa Warangal, uliokuwa makao ya wafalme Wakakatiya. Palampet ni kijiji cha wakulima: huku mashamba ya mpunga, kule vilima vyenye msitu. Kati ya mashamba hayo lasimama hekalu la mawe mekundu, ambalo Wahindu walimjengea mungu wao Shiva. Hata leo huja kumwabudu humo.

Maandishi yaliyochongwa katika jiwe yatuonyesha kwamba kazi ilianza mwaka 1213, nayo yasemekana ilidumu miaka 40 hivi. Aliyeliagiza ni jemadari Recharla Rudra, mtumishi wa mfalme Ganapatideva. Lakini watu hawaliiti kwa jina la mfalme wala la jemadari, huliita Ramappa. Mapokeo yasema kwamba Ramappa ndiye fundi mkuu aliyelijenga. Heshima kama hiyo ni nadra, kwa maana kwa kawaida mwenye mali husifiwa, na mwenye mikono husahauliwa.

Tuitazame basi kazi ya mikono hiyo. Mafundi walichimba shimo la msingi, wakalijaza mchanga, kusudi nchi ikitikisika mchanga upunguze nguvu ya tetemeko. Juu yake waliweka jukwaa lenye umbo la nyota, kisha kuta, nguzo na boriti za mawe mazito. Nguzo za ndani ni za jiwe gumu jeusi, zimechongwa na kung'arishwa hata zametameta. Nje, chini ya paa, wamesimama wanawake wachezaji waliochongwa katika jiwe hilo hilo.

Ikabaki taabu ya mnara. Mnara wa mawe ungaliyalemea yote yaliyo chini yake. Kwa hiyo walichoma matofali yenye vitundu vingi, mepesi mno, hata tofali likitiwa majini huelea. Katika karne ya 17 tetemeko kubwa lilipita huko. Sakafu ilibonyea mahali mahali, na nguzo nyingine zikainama. Lakini hekalu halikuanguka.

Tusirudi kabla ya kuliona ziwa lililo karibu. Nalo ni kazi ya watu wa siku zile za Wakakatiya. Vilima vilikwisha kulizunguka bonde. Wao walifunga upande uliobaki kwa boma la udongo. Katika nchi hiyo mvua kubwa hunyesha miezi michache tu, na pasipo akiba mpunga hukauka. Ziwa hilo pia laitwa Ramappa.

Ufalme wa Wakakatiya uliangushwa mwaka 1323, jeshi la Delhi lilipoiteka Warangal. Mwaka 2021 Unesco iliandika hekalu hili katika orodha ya urithi wa dunia, na sasa wageni wengi hulijia. Wakulima wa Palampet hawakungoja orodha hiyo. Kwa miaka 800 wamekula mchele wa maji yale, na kila wanapolitaja ziwa au hekalu, hulitaja jina la fundi. Mjenzi awaachiaye watu kazi iliyo imara na yenye faida hahitaji kuandika jina lake ukutani.