Chumba cha bei nafuu na tundu la chandarua

Mwaka jana mimi na rafiki yangu tulikwenda Pangani, mkoani Tanga, kwa mapumziko ya siku tatu. Tulitaka kuona majengo ya kale, kuvuka mto kwa kivuko hadi Bweni na kula samaki.

Kama vijana wengi, tulianza kubana matumizi kwenye malazi. Gesti ya kwanza chumba kilikuwa Sh45,000, ya pili Sh20,000. Tukachukua ya pili na kujifariji, “Si kulala tu?”

Chandarua kilikuwapo, ila kilikuwa na tundu la kupitisha ngumi. Tulilifunga fundo. Usiku umeme ukakatika, feni ikazima, na mwenzangu akakisukuma pembeni apate hewa.

Siku ya 12 baada ya kurudi Dar es Salaam, akaanza homa na kuumwa kichwa. Alidhani ni uchovu, akameza dawa za maumivu siku mbili. Alipopima, ilikuwa malaria. Alilazwa, akakosa kazi wiki nzima.

Siwezi kuapa kwamba aliumwa na mbu kulekule. Lakini dalili za malaria kwa kawaida huanza siku 10 hadi 15 baada ya kuumwa, na mbu wanaoieneza huuma usiku. Mimi ninayeandika habari za afya kila wiki nilikuwa chumba hichohicho, nikanyamaza kwa sababu ya Sh25,000.

Sisemi vijana walale kwenye hoteli za gharama. Gesti nyingi za bei nafuu ni safi na salama. Unaweza kuacha televisheni, kiyoyozi na chai ya asubuhi. Usiache chandarua kizima, kitasa kinachofunga na maji. Siku hizi naomba kukiona chumba kabla ya kulipa, na kwenye begi nabeba chandarua changu chenye dawa.

Usiku ule mama alipiga simu: “Mmefika salama?” Nikajibu ndiyo, akaridhika.

Mzazi, mwanao akisafiri, ongeza swali moja: “Chandarua kipo, na ni kizima?” Akikosa hela ya chumba bora kidogo, heri akuambie mapema. Na akirudi akapata homa, asisubiri siku mbili kama sisi. Akapime siku hiyohiyo, na amweleze daktari alikotoka.