Mchezo wa Kukodi

Majuzi tulikwenda ukweni Mutomo, kaunti ya Kitui: mimi, mama watoto na kijana wetu wa miaka 15. Tuliteremka treni Kibwezi, upande wa Makueni, tukapanda matatu iliyovuka mto Athi kuelekea Ikutha.

Kijana alichukua kompyuta yake ya michezo, ile ya kushikwa mkononi, yenye kioo katikati na vitufe huku na huku. Ni zawadi ya mjomba wake aliyeko Maskati. Hulipa ada kila mwezi, akafunguliwa ghala la mamia ya michezo. Lakini michezo hiyo haimo ndani ya chombo. Huchezwa katika mitambo iliyo mbali. Kinachomfikia ni picha tu, mithili ya video, naye akibonyeza kitufe, amri yake husafiri huko na jawabu likarudi.

Tulipoingia mbuga ya Tsavo picha ikaganda. Mutomo nako mtandao ulikuwa ukija na kwenda, na ulipokuja ulikula kweli kweli: picha ya megabiti 10 kwa sekunde humaliza gigabaiti 4.5 kwa saa moja. Data niliyomnunulia ya wiki nzima iliisha siku ya pili. Nikamkaripia mbele ya nyanya yake.

"Una michezo mamia, wakosaje mmoja wa kucheza?"

"Baba, ile si yangu. Nimeikodi. Wangu ni mmoja tu."

Nilinyamaza. Kutofautisha bei na ijara, kumiliki kitu na kumiliki manufaa yake kwa muda, nilimfundisha mwenyewe chuoni, kwa mifano ya nyumba na punda. Baadaye nikasoma kwamba Google ilipoifunga huduma yake ya Stadia, Januari 2023, waliokuwa wamenunua michezo katika duka la huduma hiyo walirudishiwa fedha zao, ilhali ada za kila mwezi hazikurudishwa. Aliyesoma fiqhi ataujua mpaka huo bila kuelezwa.

Huo mmoja aliununua kwa fedha za Idi, nao umo ndani ya chombo, hauhitaji mtandao. Ni mchezo wa shamba: unalima, unapanda, unamwagilia, unangoja. Alinipa nijaribu, nadhani kwa kunihurumia baada ya kukaripia pasipo haki. Mamamkwe, ambaye kwa haya za Kikamba haketi karibu na mkwewe, alichungulia kutoka mlangoni, akamuuliza mjukuu wake, "Mvua hiyo inanyesha wapi?" Siku hiyo maji yake yote yalikuwa madumu mawili.

Nami nikaendelea kumwagilia. Mutomo pale tulipo adhana haisikiki kama Mombasa; mtu hutegemea saa yake, na yangu sikuitazama. Mimi niliyepanda mimbari mara ngapi kuwaonya vijana juu ya vioo hivi!

"Baba, Magharibi yapita."

Alikwisha kutawadha, na mkeka ameutandika. Nilitawadha kwa maji ya birika moja, kwa haraka na kwa haya, tukaiwahi.

Ada ya mwezi ujao bado hatujaiamua. Anataka tuchange nusu kwa nusu. Mimi nimemwomba asilifute shamba langu. Mahindi niliyaacha hayajavunwa.