Mahali pa Kuegesha

Lawrence Heights, kaskazini-magharibi mwa Toronto, ni mtaa uliokatwa vipande viwili na gari. Nyumba zake za serikali zilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1950, pembezoni mwa mji wa wakati ule. Kisha ikapitishwa katikati yake barabara kuu ya Spadina, iliyokusudiwa kuwashusha wenye magari kutoka vitongoji vya kaskazini hadi kitovu cha jiji. Mwaka 1971 Bill Davis, Waziri Mkuu wa jimbo la Ontario, aliisimamisha isiendelee, kwa kuwa wakazi wa mitaa ya kusini, mwandishi Jane Jacobs akiwa miongoni mwao, walikuwa wameipinga kwa nguvu. Mitaa ile ikapona. Kipande kilichokwisha kuchimbwa upande wa kaskazini hakikufukiwa. Leo kinaitwa Allen, na reli ya treni za jiji iliyofunguliwa mwaka 1978 imelazwa katikati yake.

Kuanzisha klabu ya wapenzi wa magari mahali kama hapa ni jambo linaloweza kuonekana kuwa kejeli. Watu wengi waliotoka Afrika Mashariki wakaishia katika mitaa ya aina hii hulijua gari kama kazi: teksi, lori, kupeleka vifurushi. Mapenzi ya gari, lakini, hayamngoji mtu atajirike. Yeyote aliyekulia Kenya, Uganda au Tanzania katika miaka ambayo mbio za Safari zilikuwa zikipita vijijini wakati wa Pasaka anakumbuka, au alisimuliwa na mjomba wake, jinsi watoto walivyosimama kando ya barabara wakisubiri vumbi.

Mbio hizo nazo zilikuwa mtoto wa klabu. Zilianza mwaka 1953 kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, katika njia zilizopita Kenya, Uganda na Tanganyika. Magari yaligawanywa kwa bei yake ya dukani, si kwa ukubwa wa injini. Kanuni ya busara, kwa maana ilimpa mwenye gari dogo sababu ya kushiriki. Busara hiyo ilikuwa na mpaka wake. Kenya ilikuwa chini ya Hali ya Hatari iliyotangazwa Oktoba 1952, na wakati walowezi walipokuwa wakishindana kuvuka nchi tatu, Waafrika wengi walihitaji kibali ili kusafiri katika nchi yao wenyewe. Barabara ilikuwa ndefu na klabu ilikuwa finyu.

Aliyepanua mlango hakuupitia kama bwana mwenye gari jipya. Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho, alikuwa fundi. Aliyajua magari kwa mikono kabla ya kuyajua kwa mbio, na historia ya klabu za magari, ambayo hupenda kuandikwa kwa majina ya madereva, ingeeleweka vizuri zaidi kama ingeanzia chini ya gari, pale fundi alipolala chali.

Huko ndiko klabu ya Lawrence Heights ingepaswa kuanzia pia, maana hapo mjini kila kitu kingine kina gharama. Bima ya gari katika maeneo ya kaskazini-magharibi mwa Toronto inajulikana kwa ughali wake, kwa sababu kampuni huangalia anwani ya mtu pamoja na rekodi yake. Sheria nayo haina mzaha: tangu 2021, dereva wa Ontario anayezidi kikomo kwa kilomita 40 kwa saa, kwenye barabara ambayo kikomo chake ni chini ya 80, hunyang'anywa leseni papo hapo kwa siku 30 na gari lake kuzuiliwa kwa siku 14. Kwa mtu anayelisha watoto kwa gari hilohilo, siku 14 ni kodi ya nyumba. Mwenyekiti ambaye hataki kulisema hilo katika mkutano wa kwanza asichaguliwe.

Hata hivyo Kanada ina ukarimu mmoja usiotarajiwa. Kenya hukataa gari lililotumika likiwa na umri wa zaidi ya miaka minane. Kanada hulegeza masharti yake likifikisha miaka 15. Kwa hiyo magari ya Kijapani yenye usukani kulia, yale ambayo Mombasa isingeyapokea tena bandarini kwa uzee, huingia Toronto kihalali. Mtu hukaa ndani yake, mkono wa kushoto ukaitafuta gia bila kufikiri, na kwa dakika kadhaa mwili unarudi nyumbani kabla ya akili kuutahadharisha kwamba hapa watu huendesha upande wa kulia. Halafu huja Desemba, na chumvi inayomwagwa barabarani ili kuyeyusha barafu huanza kulila bati. Pwani ya Mombasa ina chumvi yake, lakini haimwagwi na manispaa.

Kazi ya kupambana na kutu inataka mahali. Lawrence Heights inabomolewa na kujengwa upya kwa awamu, nyumba za serikali zikichanganywa na za kuuzwa. Wakazi walioahidiwa kurejea wana mambo mazito zaidi ya kuuliza kuliko maegesho. Lakini uwanja wa lami nyuma ya nyumba za zamani ulikuwa karakana bila kuitwa hivyo: mtu aliinua boneti, jirani akaja na spana, wa tatu akaja na maneno tu. Klabu ikipata wanachama kumi, ada yao ya kwanza ingefaa ikodi gereji kwa saa chache kila mwezi. Nembo na fulana zinaweza kungoja.

Mwaka 1965 Joginder Singh na nduguye Jaswant walishinda Safari kwa Volvo PV544. Lilikuwa gari lililokwisha kutumika, na walilitengeneza wenyewe.