Kusaga Meno Usiku na Moyo Wako – Sehemu ya 3

Leo tuongee kusaga meno usingizini.

Huku kwetu mtoto akisaga meno, jibu liko tayari: "Ana minyoo huyo." Sawa, dawa ya minyoo ina kazi yake. Lakini hata watu wazima wasio na minyoo wanasaga. Sasa sikiliza.

Usoni kuna neva kubwa, ya tano kati ya jozi 12 zinazotoka kichwani. Inaitwa trijeminali. Inaleta hisia za uso, meno na ufizi, na inaendesha misuli ya kutafuna. Ikisisimuliwa sana, ubongo unaweza kujibu kupitia neva nyingine, vagasi, inayopunguza kasi ya moyo. Madaktari wanaopasua uso na taya wanalijua hili: mapigo ya mgonjwa yanaweza kushuka ghafla, wakiacha kugusa pale yanarudi. Hata mpiga mbizi, uso ukizama kwenye maji ya baridi huku amebana pumzi, mapigo hupungua. Neva ni ile ile.

Je, ukisaga meno moyo utasimama? Hapana, usiogope. Vipimo vya usingizi vinaonyesha kwamba mara nyingi moyo huongeza kasi KABLA taya halijaanza kusaga. Yaani ubongo unashtuka kidogo, mapigo yanapanda, ndipo meno yanasagana. Wapo watafiti wanaodhani kusaga ni njia ya mwili kuutuliza moyo kupitia neva hiyo. Bado ni dhana tu.

Cha kushika ni hiki: meno yanakuambia usingizi wako unakatika. Angalia pombe, sigara, kahawa ya usiku, mawazo. Dereva unayelala kwenye lori ukisubiri kuvuka kwenda Zambia, hili linakuhusu. Na kama unakoroma, pumzi inakata, kisha unashtuka ukihema, hapo ndipo pa kuogopa, maana hali hiyo inapandisha presha na kuumiza moyo.

Shida ni kwamba anayesaga hajisikii. Anayesikia ni mwenzake. Kwa hiyo mama, baba, usiishie kumpiga kiwiko na kumcheka asubuhi. Mlete akapimwe presha, na uje naye, maana maelezo ya usiku unayo wewe.

Tukutane sehemu ya 4. Maswali yaacheni hapo chini.