Jaza Kila Kisanduku

Kapteni amefariki mwaka huu, na wenzetu wa chama wameniomba niandike machache juu yake. Nayaandika, ila ugomvi wetu sitauficha, maana hakuna ugomvi niliokuwa nao na mtu kwa muda mrefu kama huo.

Nimezaliwa Ng'ambo, Unguja. Nimekulia enzi za chama kimoja, jina likiwa moja na jibu ni ndiyo au hapana. Vyama vingi vilipokuja, mwaka 1995, nilikuwa wakala kituoni hapo hapo mjini. Salmin Amour alitangazwa mshindi wa urais wa Zanzibar kwa asilimia 50.2, Seif Sharif Hamad akapewa 49.8. Aliyeshuhudia hesabu ile hawezi tena kuiona kura iliyoharibika kuwa ni karatasi tu. Miaka michache baadaye nilikuwa Blacktown, magharibi ya Sydney. Siku za kazi nilihudumia wazee katika nyumba ya kulelea wazee. Jumamosi ya uchaguzi nilisimama nje ya lango la shule na kadi za chama mkononi.

Mkubwa wa kituo chetu alikuwa Mmalta, mstaafu wa reli, sote tukimwita Kapteni. Kazi alikuwa anaijua, bwana. Mabango aliyafunga kwenye uzio usiku wa kuamkia uchaguzi, kabla wapinzani hawajawahi pahala pazuri. Vituo hufunguliwa saa mbili asubuhi na kufungwa saa kumi na mbili jioni, na yeye alipanga zamu hivi kwamba hakuna lango lililobaki bila mtu hata wakati wa chakula. Sheria inakataza kampeni ndani ya mita 6 kutoka mlangoni; Kapteni alisimama kwenye mita ya saba. Kadi aliitoa picha ikimwelekea mpokeaji, akataja jina la mgombea, basi. Salamu hakuna, maelezo hakuna.

Msomaji wa kwetu atauliza kadi ya nini. Kupiga kura katika uchaguzi wa taifa Australia ni lazima tangu 1924, asiyekwenda bila sababu hutozwa dola 20. Kwa hiyo hakuna haja ya malori wala ngoma za kuwatoa watu majumbani. Watakuja tu, wengine wamenuna. Wakifika wanapewa karatasi ya kijani yenye majina ya wagombea wa jimbo, nao wanatakiwa wawapange wote kwa namba, 1 hadi wa mwisho. Mgombea wako akitolewa, kura yako inahamia kwa uliyempa 2. Kadi inakuonyesha mpangilio ambao chama kinaupenda. Lakini uchaguzi wa jimbo kuu la New South Wales una kanuni yake: ukiandika 1 peke yake, inatosha. Mtu anajifunza hivyo mwaka mmoja, mwaka unaofuata anafanya vile vile katika uchaguzi wa taifa, na kura yake inatupwa.

Uchaguzi wa taifa wa Oktoba 2004, katika jimbo letu la Greenway, wagombea walikuwa 14. Kura zilizoharibika zilifika asilimia 11.8, kiwango cha juu kuliko majimbo yote ya nchi. Mgombea wetu, Ed Husic, alishindwa na Louise Markus kwa tofauti isiyofika kura elfu moja. Milango ilipofungwa niliingia ndani kama wakala. Unaruhusiwa kutazama na kupinga, kugusa karatasi huruhusiwi. Pembeni kulikuwa na rundo: hii ina 1 peke yake, ile ina alama ya vema. Watu wamepanga foleni juani kwa ajili ya hilo.

Usiku ule ule nikamwambia Kapteni, kuanzia sasa nitamwambia kila anayepita ajaze kila kisanduku, amtake nani amtake. Akakataa. Akasema mimi si mwalimu, na nikimfundisha mfuasi wa mpinzani nimempa mpinzani kura. Isitoshe, mtu mwenye kadi tano mkononi hukumbuka neno la mwisho alilosikia, na neno hilo liwe jina la mgombea wetu.

Hoja hiyo ya mwisho ina uzito, sikatai. Lakini kura huharibika zaidi pale ambapo Kiingereza si lugha ya nyumbani, na hapo ndipo tulipokuwa tukiomba kura. Tukinyamaza, tunaoumia ni sisi kwanza. Basi nikawa nasimama mbali naye, karibu na banda la wazazi wa shule wanaouza soseji, na kila nikimwona mama wa Kikongo au wa Kirundi namwambia kwa Kiswahili: "Mama, jaza vyote, usibakishe hata kimoja." Kapteni alijifanya hasikii.

Siku hizi foleni za Jumamosi zimepungua. Mwaka 2022 zaidi ya watu milioni 5 walipiga kura kabla ya siku yenyewe, na kazi imesambaa wiki mbili nzima. Kijana mmoja aliyetumwa na ofisi ya chama, simu mkononi, aliniambia nikiongea na kila mtu nitagawa kadi chache. Kadi ndizo anazohesabu! Nyinyi vijana, kadi zilizogawiwa zinajaza mapipa ya shule tu. Kaeni hadi saa kumi na mbili jioni, ingieni ndani, tazameni rundo la pembeni lina karatasi ngapi zenye 1 peke yake, na ni jina gani limeandikiwa 1 hiyo. Halafu pelekeni ofisini hesabu hiyo.