Chuma Kidogo Ndani ya Jicho



Muzee mumoja wa kanisa letu aliumwa kichwa miezi mingi. Munganga akasema apigwe picha ya ubongo katika mashini inayoitwa IRM. Jamaa yake ikakusanya franga, nami nikamusindikiza mpaka ng'ambo ya mpaka, Zambia.

Kule kijana wa mashini alituletea karatasi ya maulizo. Je, uko na chuma ndani ya mwili? Umekwisha kufanya kazi ya kukata chuma? Muzee akaniangalia. Alifanya miaka 20 katika atelie ya mine. Nikamwambia kwa sauti ya chini: "Andika hapana, baba. Tumetoka mbali." Ndiyo, mimi muchungaji nilisema vile.

Muzee akakataa. "Pasta, zamani kipande kiliniruka mu jicho. Sijue kama yote ilitoka."

Kijana akatueleza kwa upole. Mashini ile ni sumaku kubwa sana. Nyingi ziko na nguvu ya tesla 1.5, karibu mara 30,000 kupita ile ya dunia inayogeuza sindano ya dira. Hata usiku haizimwi. Mwili wetu una maji mengi, na ndani ya maji muna hidrojeni. Sumaku inapanga viini vya hidrojeni, kisha mawimbi ya redio, ndugu ya yale yanayoleta sauti katika posti zetu, yanavisukuma. Mawimbi yakikatika, viini vinarudi mahali pao na kutoa alama ndogo. Ordinateri inapokea alama zile na kufanya picha. Mwaka 1977, kule Marekani, picha ya kwanza ya kifua cha mutu ilichukua karibu masaa 5.

"Lakini chuma kikiwa katika jicho," akasema, "sumaku inaweza kukivuta na kulipasua. Mutu anakuwa kipofu."

Walimupiga kwanza radio ya macho. Chuma kilikuwa mule, kidogo kama muchanga. IRM haikufanywa. Walimupitisha katika skana, ile ya miale ya X isiyo na sumaku, nayo ikamusaidia munganga kujua ugonjwa.

Nilimuomba muzee musamaha siku ileile.

Ninyi wazee na vijana wa kazi ya mine, mukiulizwa mbele ya mashini ile, semeni yote: kipande cha chuma, risasi, kifaa cha moyo. Musiogope kurudishwa. Na sisi tunaosindikiza wagonjwa, tusiwafundishe uongo kwa sababu ya haraka.

Kila Yenga muzee anafungua Biblia yake kanisani na kusoma kwa macho mawili. Mimi ninainamisha kichwa.